Kabla ya Rimu, Soma Ubavu wa Tairi

Mse wa Subaru, hii ni yako. Wewe wa Lancer, wa Golf GTI, wa Mark X, keti hapo karibu. Na hata wewe ambaye huna ndai bado lakini picha ya Impreza ya bluu ndiyo iko kwa skrini ya simu yako, usiende, juu siku yako inakuja.

Kuna kitu tumezoea kuona Nairobi hadi hakitushtui tena. Mtu anaweka ekzosi ya kuamsha mtaa mzima. Anashusha gari, anapaka rimu rangi ya dhahabu, anapiga picha kumi. Halafu chini kuna matairi manne ya majina manne tofauti, na moja limeshatoka kipara. Ukimuuliza anakwambia, “Zii, bado ziko na maisha.” Sawa bana. Lakini ni maisha ya nani?

Gari lote, na turbo yake na breki zake na wewe ndani, limeshika lami kwa sehemu nne tu, na kila sehemu ina ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, ama zaidi kidogo. Nguvu yote ya injini inapita hapo. Breki zote zinapita hapo. Kona yote unayojisifu nayo iko hapo. Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kabla ya shilingi moja kwenda kwa rimu, jifunze kusoma ubavu wa tairi. Yale maandishi si mapambo ya kiwandani. Ni historia, na kila herufi kuna watu waliilipia.

Tuchukue mfano mmoja, saizi ambayo utaikuta kwa Impreza WRX nyingi za miaka ya 2000: 215/45R17 87W. Na mahali pengine kwa ubavu huo huo kuna nambari nne, tuseme 2419. Tutazisoma zote. Lakini kwanza tuongee kuhusu kitu ambacho hakijaandikwa hapo.

Mpira wenyewe

Mwaka wa 1839, Mmarekani anaitwa Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, unakuwa imara: hauyeyuki kwa jua, haupasuki kwa baridi. Alikufa 1860 akiwa na madeni. Ile kampuni yenye jina lake ilianzishwa 1898, na haikuwa yake wala ya familia yake.

Tairi la upepo nalo lilizaliwa mara mbili. Robert William Thomson, Mskoti, alilisajili 1845, lakini barabarani hakukuwa na baiskeli za maana wala magari, kwa hivyo likasahaulika. Mwaka wa 1888, Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akatengeneza la kwake kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baadaye ikaonekana Thomson alikuwa ametangulia, na haki za Dunlop zikafutwa. Lakini biashara ilikuwa imeshashika moto. Mwaka wa 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, wakaingia mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi wakiwa na gari la matairi ya upepo. Walipata pancha nyingi sana na hawakushinda. Hata hivyo walionyesha kwamba gari linaweza kutembea juu ya hewa.

Kutoka hapo kila mtu akataka mpira, na miti ya kuutoa ilikuwa michache. Mwingereza Henry Wickham alikuwa ametoa mbegu kama 70,000 za mti wa mpira kule Brazil mwaka wa 1876 na kuzipeleka London, na miche yake ndiyo ilikuja kujaza mashamba ya Asia. Lakini mti wa mpira ukipandwa leo, utangoja miaka kadhaa kabla ya kuugema. Katikati ya hapo, bei ilikuwa juu na soko lilikuwa na njaa. Nani alikuwa na mpira wa msituni, tayari?

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kuanzia 1885 hadi 1908 alimiliki Kongo kama mali yake binafsi, na misitu ya huko ilikuwa na mimea ya kutambaa yenye utomvu wa mpira. Vijiji vilipangiwa kiwango cha kuleta. Wasipokifikisha, wanawake walifungwa mateka, nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na mikono ya watu ilikatwa. Mwaka wa 1904 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alitoa ripoti iliyoeleza haya yote. Mwaka huo huo, mmishonari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja anayeitwa Nsala, ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hivyo tu ndivyo vilivyokuwa vimebaki. Kelele zilipozidi, Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni hilo mwaka wa 1908. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba mamilioni ya watu walipotea katika miaka hiyo, kwa mauaji, njaa na magonjwa.

Hiyo si story ya mbali. Ni majirani wetu, na wengi wao leo wanaongea Kiswahili kama sisi. Sisemi usinunue tairi. Nasema tairi halijawahi kuwa kitu kidogo, na tusilichukulie kama kitu kidogo.

Herufi R

Sasa turudi kwa ubavu. Ile R katikati ya 45 na 17 watu wengi hudhani ni ya rimu. Siyo. Ni ya radiali.

Zamani nyuzi za ndani ya tairi zilipangwa kwa mshazari, safu juu ya safu, zikikingamana kama mkeka. Tairi lilikuwa gumu kuua, lakini kila lilipojikunja nyuzi zilisuguana, joto likapanda, na kwenye kona sehemu inayoshika lami ilijikunja pamoja na ubavu. Mwaka wa 1946 Michelin walisajili muundo mpya: nyuzi zinavuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, halafu juu yake, chini ya meno ya tairi, unakuja mkanda wa nyaya za chuma. Ubavu unajikunja kivyake na uso unabaki bapa barabarani. Walianza kuliuza 1949 kwa jina X. Lilidumu zaidi, lilipata joto kidogo, na lilishika barabara vizuri zaidi. Leo karibu kila tairi la gari dogo unaloliona ni la aina hiyo.

Nambari 45

Hii ndiyo inafanya gari lako lionekane na hasira. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya huo upana, yaani kama milimita 97. Nambari ikishuka, ubavu unakuwa mfupi, na usukani unajibu haraka.

Tairi fupi na pana namna hii halikuanza kwa ajili ya picha. Lilitoka kwa mbio za safari. Katikati ya miaka ya 1970, Waitaliano walikuwa na gari linaitwa Lancia Stratos, dogo, jepesi, lenye injini ya Ferrari nyuma ya dereva. Nguvu ilikuwa nyingi kuliko matairi ya wakati huo. Pirelli wakatengeneza P7, radiali pana yenye ubavu mfupi na mkanda wa nailoni juu ya ule wa chuma, ili uso usivimbe kwa mwendo mkali. Muda si mrefu P7 ikawa chini ya Porsche 911 Turbo, na kutoka hapo magari ya kawaida yakaanza kuiga.

Lakini skia hii. Stratos ilikuja hapa kwetu, Safari Rally, na haikushinda hata mara moja. Mwaka wa 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili. Aliyeshinda ni Ove Andersson kwa Peugeot 504, gari la mwalimu mkuu na la teksi ya mashambani. Mwaka wa 1976 akashinda Joginder Singh wetu kwa Mitsubishi Lancer, ushindi wake wa tatu baada ya 1965 na 1974. Barabara za Kenya hazijawahi kuheshimu gari kwa sababu ya sura yake. Mawe, vumbi na matope viliamua nani anafika.

Kwa hivyo ukitaka kuhamia rimu za inchi 18 na ubavu mwembamba kama mkate wa vita, jiulize unaendesha wapi. Kama njia yako ya nyumbani ina mashimo, ubavu mfupi utapeleka kila pigo kwa rimu, na rimu itapinda ama ubavu utatoa uvimbe. Uvimbe ni nyuzi zilizokatika ndani. Haushonwi. Hilo tairi limekufa, hata kama meno yake ni mapya.

Ukibadilisha saizi, angalia kipenyo cha jumla. 215/45R17 ina kipenyo cha kama milimita 625. 205/55R16 ina kama milimita 632. Tofauti ni karibu asilimia moja, kwa hivyo unaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kipima mwendo kukudanganya sana, mradi rimu inakaa juu ya breki zako. Hesabu yako ikitoka mbali na hapo, achana nayo.

87W

87 ni mzigo: tairi moja linaweza kubeba kilo 545. W ni mwendo: limepimwa hadi kilomita 270 kwa saa. Zamani Ulaya ilikuwa na herufi chache tu, S ya 180, H ya 210, na V kwa zaidi ya hapo. Magari yalivyozidi kuwa na kasi, herufi zikaongezwa. Leo V ni 240, W ni 270, Y ni 300.

Utauliza, kwani nani anaenda 270 Thika Road? Hakuna, na wewe usijaribu. Lakini herufi hiyo pia inakuonyesha jinsi tairi linavyostahimili joto. Ndiyo maana gari la michezo lililotoka kiwandani na W halifai kuvishwa tairi la T la 190 eti ni bei nafuu. Unapolishusha daraja, unaondoa akiba ambayo mainjinia waliiweka kwa sababu.

Nambari nne

Sasa 2419. Wiki ya 24 ya mwaka wa 2019. Tangu 2000 tarehe ya kutengenezwa inaandikwa hivyo kwa tarakimu nne, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Ukikuta tarakimu tatu, hilo tairi ni la karne iliyopita, kimbia.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hewa na joto huufanya mkavu, na meno yanaweza kubaki marefu kabisa huku mpira ukiwa umekuwa kama plastiki. Unamkumbuka Paul Walker? Tarehe 30 Novemba 2013, huko California, Porsche Carrera GT aliyokuwa ndani yake, ikiendeshwa na rafiki yake, iligonga mlingoti na miti. Wote wawili walikufa. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa mahali palipokuwa na kikomo cha kama 72. Na wakataja kitu kingine: matairi yalikuwa na miaka 9. Gari la ndoto ya kila kijana, limekaa juu ya mpira mzee.

Sasa fikiria gari lako la kutoka Japani. Sheria yetu inaruhusu gari la hadi miaka 8. Matairi yaliyokuja nalo yanaweza kuwa na umri huo huo. Wewe unaita gari “jipya”, na chini kuna wazee wanne.

Halafu kuna mtego mwingine. Japani kuna theluji, kwa hivyo wana matairi ya baridi. Yanafika hapa, kwa magari na kwa yale marundo ya mitumba ya kandokando ya barabara. Yanatambulika kwa neno STUDLESS, ama kwa mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji, na meno yake yana mikato midogo midogo mingi kama vile mtu aliyachanja kwa wembe. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwa lami ya Nairobi saa saba mchana unalegea, gari linayumba kwenye kona, na breki zinachelewa. Meno yatakuwa marefu na bei itakuwa tamu. Usinunue.

Kitu ambacho hakiandikwi: upepo

Mwaka wa 2000 huko Marekani, Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe. Mengi yalikuwa chini ya Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa kwa mwendo, na gari linapinduka. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na kashfa hiyo. Kampuni hizo mbili zililaumiana hadharani, na moja ya hoja ilikuwa presha: Ford ilikuwa imependekeza psi 26. Upepo ukiwa mdogo, ubavu unajikunja zaidi, joto linapanda, na mwisho tairi linajiachanisha. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo, na hiyo ndiyo mama ya ile taa ya presha inayowaka kwa dashibodi ya magari ya kisasa.

Presha sahihi imeandikwa kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva. Ile nambari kubwa iliyo kwa tairi lenyewe ni kikomo cha juu, si pendekezo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ni bure kwa vituo vingi vya mafuta, na bado watu hawapimi.

Kwa nini ni jukumu lako

Kuna wakati Kenya ilitengeneza matairi yake. Firestone East Africa iliundwa 1969, kiwanda kikiwa Nairobi, baadaye kikaja chini ya Sameer na jina la Yana, ambalo mzee wako analijua vizuri. Mwaka wa 2016 kiwanda kilifungwa. Matairi ya bei ya chini kutoka nje yalikuwa yamejaa sokoni na hesabu ya kutengeneza hapa haikutoka tena. Watu wakapoteza kazi, na leo gari lako linategemea kontena.

Kwa hivyo ukiingia Kirinyaga Road ama Industrial Area, uko mbele ya matairi ya nchi kumi, mazuri na mabaya, yote meusi, yote yanang'aa kwa mafuta waliyopakwa. Muuzaji anataka kuuza, na hiyo si dhambi. Kulinda maisha yako ni kazi yako.

Fanya hivi. Soma saizi na herufi ya mwendo kwa ile karatasi ya mlangoni, zisikupite. Soma zile nambari nne. Mimi nikikuta zaidi ya miaka mitano naomba lingine, hata kama meno yake yanaonekana fiti. Pitisha kidole kwa mifereji, kwa sababu ndiyo inatoa maji chini ya tairi masika ya Machi hadi Mei yakikukuta barabarani. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, meno yakifika hapo, tairi limeisha.

Angalia pia neno TREADWEAR kama lipo. Ni kipimo cha Wamarekani: nambari ikiwa ndogo, kama 200, kwa kawaida mpira ni laini, unashika sana na kuisha haraka. Ikiwa 500, ni mgumu na utadumu. Kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hivyo isikutie wazimu, lakini itakuambia kama “tairi la michezo” unalouziwa ni la michezo kweli ama ni jina tu.

Na kama gari lako linasukuma magurudumu yote manne, kama Subaru, nunua manne ya aina moja kwa pamoja. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililoisha, kwa hivyo yanazunguka kwa idadi tofauti, na tofauti hiyo inakula gia za katikati kila kilomita. Matairi mawili ya kuokoa pesa leo yanaweza kukuletea bili ya kufungua gia kesho.

Najua hela ni ngumu. Basi uza hiyo ekzosi. Sisemi kwa mzaha. Baki na rimu za kiwandani, baki na bodi ya kawaida, lakini viganja vinne vilivyo chini viwe vya ukweli. Gari linalonguruma na haliwezi kusimama mbele ya mtoto anayevuka barabara si gari la michezo. Ni kelele tu.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kuosha gari, piga magoti hapo kando ya gurudumu la nyuma na utafute nambari nne. Ukishazisoma, utajua kama pesa ya rimu ni ya rimu kweli.